Hakimu wa Kochini

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimepewa saa nzima.

Niiandike vizuri ili nikiisoma uzeeni nisidhani nilikuwa najisifu. Asubuhi, nikiwa na povu la dawa ya meno mdomoni, Meneja wa ukumbi amenipigia simu akasema Jumamosi ya mwisho ya Mei jukwaa ni langu peke yangu. Si ile robo saa ya kuwachangamsha watu kabla bendi haijapanda. Si kushika maiki kwenye harusi za watu na kuwabembeleza wageni wa meza ya nyuma waache kugombania soda. Saa nzima, na picha yangu mlangoni. "Ikienda vizuri tunakupa kila mwezi," akasema. "Isipoenda vizuri, harusi bado zipo." Ana maneno matamu yule bwana. Nikamwambia aongeze viti.

Nikaenda sebuleni kumpa habari Hakimu. Alikuwa kochini. Akanitazama, akapiga mwayo, akalala. Ndivyo alivyo, hababaishwi na vyeo vya watu.

Kwa atakayesoma haya nikishakuwa maarufu: Hakimu ni mbwa. Ni wa kahawia, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilimkuta nyuma ya ukumbi huohuo miaka mingi iliyopita, siku niliyopanda mbele ya watu waliojaa hadi mlangoni na hakucheka hata mmoja. Nilitoka kwa mlango wa nyuma kwa aibu, nikakaa juu ya kreti, nikaanza kumsimulia yeye vilevile vichekesho, maana ndiye aliyekuwepo. Nilipofika mwisho akatikisa mkia. Nikamchukua. Msikilizaji mzuri humwachi barabarani.

Tangu hapo hakuna kichekesho changu kilichopanda jukwaani bila kupita kwake. Mimi nasimama kwenye zulia, yeye yuko kochini, nasema. Akitikisa mkia, kinabaki. Akipiga mwayo, kinarudi kurekebishwa. Akishuka na kwenda kunywa maji, kimekufa, hakuna rufaa. Wachekeshaji wenzangu wananisema. Waseme. Nani kati yao ana saa nzima?

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Hakimu ametupa vitatu kabla ya chai.

Jumamosi, 7 Machi

Mama amekuja kukaa. Upepo umeezua nusu ya paa lake, na fundi amekataa kupanda huko juu mpaka mvua zipungue. Ameshuka kwenye teksi na sanduku, beseni, na ile redio yake kubwa aliyoipakata kama mjukuu. Akasimama mlangoni akimtazama Hakimu, Hakimu naye akamtazama.

"Huyu analala wapi?"

"Kochini, Mama."

"Na mimi?"

"Chumbani kwangu. Mimi nitaweka godoro hapa sebuleni."

"Kwa hiyo mbwa ana kochi na mwenye nyumba yuko chini." Akavua viatu. "Haya. Kuzaa nilizaa."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Jioni nilikuta ameshapanga upya kabati la vyombo, na mpaka sasa sijui visu viko wapi.

Jumanne, 10 Machi

Nimefanya mazoezi Mama akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Nikampa kile cha harusi, ambacho kimenilisha miaka na miaka: mjomba wa bibi harusi anaomba kusema maneno mawili tu, na anapofika neno la pili bwana harusi ameota mvi. Watu huwa wanalia kwa kicheko. Mama akaniangalia mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mchele uko wapi?"

Niseme ukweli, kwa sababu hapa hakuna wa kunichekea. Nimechekesha mapolisi, nimechekesha watu wa msibani bila kukusudia, lakini mama yangu mzazi sijawahi kumchekesha hata siku moja. Alikuja ukumbini mara moja, zamani, akakaa nyuma, akaondoka katikati. Hatujawahi kulizungumza. Mimi huwa nasema halinisumbui, na linanisumbua.

Ijumaa, 13 Machi

Nyumba imekuwa na wakaidi wawili. Nikimwita Mama kutoka jikoni, kimya. Nikimwita tena, kimya. Nikienda kusimama mbele yake ananiambia, "Kelele za nini?" Hakimu naye ameiga. Zamani nikigusa tu kifuniko cha sufuria anafika mbio. Sasa lazima niende kumwonyesha sahani puani. Redio ya Mama inaunguruma kutwa hadi jirani amegonga ukuta. Mama hakujali. Hakimu alikuwa amelala kichwa kikiwa kimeegemea spika.

Jumapili, 15 Machi

Leo kimekufa kile cha harusi.

Nilikisema kwa ajili ya kujikumbusha tu, kama mtu anavyopita barabara ya nyumbani. Hakimu akashuka kochini taratibu, mguu mmoja mmoja kwa heshima ya uzee wake, akaenda kunywa maji. Nikasema, "Hakimu, hiki ndicho kilichokununulia hilo kochi." Akaendelea kunywa. Nimekiandika kwenye karatasi nikakitia kwenye mfuko wa waliohukumiwa, ulioning'inia nyuma ya mlango. Mfuko umevimba.

Kilichopita ni kimoja tu: cha foleni ya benki. Nilikisema nikikaanga mayai, na mkia ulipiga kochi mpaka vumbi likatoka. Nimekiwekea nyota.

Alhamisi, 19 Machi

Nilikuwa na kipya kizuri cha fundi bomba. Nimekisoma kutoka kwenye karatasi, bado sijakishika vizuri. Hakimu alilala kabla fundi hajafika. Mfukoni.

Jumatatu, 23 Machi

Radi mchana kweupe, ya kupasua mbingu. Taa zikazimika, vikombe vikalia kabatini, mimi nikajikuta nimekumbatia jokofu.

Sasa, Hakimu na radi ni maadui wa miaka yote. Mvua ya mwaka jana alijifungia bafuni nikamtoa kwa kumbembeleza na nyama. Nikakimbilia sebuleni kumtuliza, na nikamkuta amelala chali, miguu juu, anakoroma. Kwenye kiti cha pembeni Mama naye alikuwa anasinzia, uso mtulivu. Nyumba nzima aliyeruka ni mimi peke yangu.

Nimefurahi sana. Nimemwambia jirani kwamba mbwa wangu amekomaa.

Jumapili, 29 Machi

Jana nimekwenda kujaribu kwenye kile kibaraza cha wachekeshaji, dakika chache tu, watu wachache. Nilibeba kile kimoja kilichopita kwa Hakimu, cha foleni ya benki, chenye nyota.

Nimeshawahi kuanguka. Mtu wa kazi hii anajua kuanguka kama mwashi anavyojua kujigonga nyundo. Lakini jana hata kikohozi sikupata. Kuna bwana mmoja mbele alinionea huruma, akatabasamu kwa mdomo uliofungwa. Naomba Mungu asinipe tena tabasamu lile.

Nimerudi nimekasirika. Nimekasirikia watu, viti, mvua. Hakimu sikumkasirikia, kwa sababu kwenye mambo ya vichekesho hajawahi kukosea.

Jumamosi, 4 Aprili

Tumegombana, mimi na Mama.

Lilianza na redio. Nilikuwa nafanya mazoezi, redio inatangaza bei za mbolea kwa sauti ya mwisho wa dunia. Nikaenda nikaizima. Mama akaiwasha. Nikaizima tena. Na mdomo wangu, ambao ndio mtaji wangu na ndio adui yangu, ukasema:

"Mama, ni afadhali useme tu kwamba hupendi kazi yangu. Ulikuja mara moja ukaondoka katikati. Kila mtu alikuona."

Akaniangalia muda mrefu. "Nilikuja mara moja," akasema. "Ilinitosha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilinitosha." Akaenda chumbani na redio yake.

Sijala. Hakimu amenifuata hadi kwenye godoro, amejilaza juu ya miguu yangu, na ana uzito. Sijamwondoa.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Salamu tu, na chumvi iko wapi.

Jumapili, 12 Aprili

Nitaandika, maana nisipoandika sitalala.

Asubuhi mvua ilikatika, tukatoka wote watatu kununua mkate. Mama hakutaka kuja; alikuja kwa sababu mimi nilisema si lazima aje. Barabara ya dukani ni nyembamba na leo ilikuwa madimbwi matupu. Nilimwachia Hakimu kamba, kama ninavyomwachia siku zote, kwa sababu nikimwita anarudi. Zamani alikuwa anarudi.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa duka nahesabiwa chenji. Lori la mchanga likaanza kurudi nyuma kutoka kwenye uchochoro. Linapiga honi, ile honi ya kurudi nyuma inayotoboa masikio, na utingo anapiga bodi kwa kiganja. Hakimu alikuwa katikati ya barabara, mgongo ameuelekeza kwa lori, ananusa kipande cha boksi. Nikaita. Nikaita kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa hata jukwaani. Sikio halikutikisika, si lililosimama wala lililolala. Yule mbwa hakugeuka.

Aliyekwenda ni Mama. Mwanamke ambaye akipanda ngazi ya mlango wangu anaomba mkono. Alimshika mkanda wa shingoni kwa mikono miwili, akamvuta, wakaangukia dimbwini pamoja, na tairi likapita juu ya lile boksi. Dereva akaruka chini analia. Watu wakajaa. Mama amekaa kwenye matope, kilemba kimeanguka, amemkumbatia Hakimu. Mimi nimesimama na mkate.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, mbele ya muuza duka.

Nyumbani Mama hakubadilisha nguo. Alikaa chini sakafuni akamfuta Hakimu kwa taulo lake mwenyewe, lile jeupe ambalo mimi siruhusiwi kuligusa. Kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Mbwa wako hasikii."

"Anasikia, Mama. Ni mkaidi tu."

"Chukua vifuniko vya sufuria. Simama nyuma yake. Upepo usimfikie na usikanyage kwa nguvu, asije akahisi."

Nikachukua vifuniko viwili, nikavigonga nyuma ya kichwa cha Hakimu mpaka meno yangu yakauma. Alikuwa anamlamba Mama kidole. Nikavigonga tena. Nikapiga mluzi. Nikaita jina lake, nikaita nyama, nikaita paka. Hakugeuka.

Nikakaa chini. Akili ikaanza kurudi nyuma yenyewe: radi, sahani, kichwa kwenye spika.

"Mama," nikasema, "nina saa nzima ukumbini mwezi ujao."

"Najua."

"Vichekesho vyote nimevipeleka kwake. Amevifuta karibu vyote. Nimevitupa. Amepitisha kimoja tu, na nilikuwa nimeshika kikaango cha mayai."

Mama akaniangalia.

"Mama, nimehukumiwa msimu mzima na kiziwi!"

Na Mama akacheka. Mungu wangu, kicheko kile. Kilianza tumboni, kikapanda, akashika mbavu, akampiga Hakimu mgongoni, machozi yakamtoka, akaangukia ubavu juu ya taulo jeupe. Umri huu wote, na hicho ndicho kichekesho kilichompata, na mimi sikuwa natania. Nikaanza kucheka pia. Hakimu akatuona tunacheka, mkia ukaanza.

Alipotulia alijifuta macho. "Mwangalie anavyokutazama mdomo," akasema. "Hakusikilizi. Anakusoma. Ukichoka uso wako anaona. Ukisoma karatasi umeinamisha kichwa, huna uso, basi analala."

"Umejuaje yote hayo?"

Alikunja taulo, akalikunja tena. "Mimi nimekusoma mdomo tangu ulipomaliza shule."

Nilikuwa sijui niweke wapi mikono yangu.

"Siku ile ukumbini nilikaa nyuma," akasema. "Uliishika ile maiki kama unakula muhindi. Mdomo sikuuona. Watu wanacheka, na mimi nacheka kwa kuwafuata, nikachelewa, nikacheka peke yangu wakati umenyamaza. Kijana mmoja akageuka kunitazama. Nikaona nitakutia aibu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelifanya kichekesho."

Na ningelifanya. Ndilo lililoniuma zaidi, kwamba ananijua.

Nikamuuliza la mwisho. "Basi honi ya lori uliisikiaje?"

"Sikuisikia. Niligeuka. Asiyesikia hutembea akiangalia nyuma, mwanangu. Mimi nimeshazoea. Yeye bado hajajifunza."

Jumatatu, 13 Aprili

Daktari wa mifugo amemmulika masikio yote mawili, amepiga kengele, amepiga makofi. Ni uzee tu. Hakuna dawa, hakuna maumivu, moyo ni mzima, ataishi. "Atumie macho," akasema, "na wewe utumie mikono." Mama alikuwa amekaa kando, anamsoma daktari mdomo, anatikisa kichwa kila baada ya sentensi. Nilikuwa nimeuona mtikiso ule kila siku nikaudhani ni wa kukubaliana, kumbe ni wa kuyashika maneno.

Nikamwambia naye apimwe. "Nilipimwa," akasema. "Wakanipa kifaa, kinapiga filimbi kama birika. Kiko kwenye sanduku." Kesho nitakitafuta. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili la kwetu halijafa, limesusa tu.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimeshusha mfuko wa waliohukumiwa. Kesi zote zinasikilizwa upya. Zinaangaliwa, niseme.

Jumanne, 21 Aprili

Mpangilio mpya: Mama kochini, Hakimu kochini, mimi zuliani, pazia wazi ili mwanga unipige usoni. Hakuna karatasi. Nimekifufua kile cha fundi bomba, safari hii nimekicheza. Fundi anaingia, anainama chini ya sinki, anatikisa kichwa, anaguna, anasonya, anauliza kwa uchungu, "Nani huyu aliyekufungia bomba vibaya hivi?" Mwenye nyumba anamwangalia tu. "Ni wewe, fundi. Mwezi uliopita."

Mama aliangua kicheko kabla sijasema "ni wewe". Alikiona kikija. Mkia ulipiga kochi upande wa pili.

Cha benki nimekitupa mimi mwenyewe. Kilikuwa cha mayai tangu mwanzo.

Jumapili, 26 Aprili

Mama anamfundisha Hakimu. Anapiga sakafu kwa kisigino mara mbili, mbao zinatetemeka, Hakimu anageuka, anapewa kipande cha mkate. Kiganja juu ni njoo. Kiganja kifuani ni kaa. Jioni nilimkuta anampigia kisigino na kumwambia, "Geuka, mwenzangu. Usipogeuka watakukanyaga." Hakuniona mlangoni, nikarudi nyuma polepole nikamwacha.

Nilikuwa namwita mkaidi. Nimemwita hivyo mbele ya majirani.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua inapungua. Hakimu sasa anageuka mwenyewe njiani, kila baada ya mwendo kidogo, kama mtu aliyesahau funguo.

Jumatano, 20 Mei

Vita ukumbini. Nimemwambia fundi mitambo nataka maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Meneja akaingilia.

"Mchekeshaji bila maiki mkononi ni nani? Mikono utaiweka wapi?"

"Nitaitumia."

"Hiyo ndogo ni dhaifu. Mvua ikipiga bati hakuna atakayekusikia."

"Mvua zimekwisha."

"Na mwanga mwingi hivyo usoni wa nini?"

"Mama yangu anakuja."

Alinitazama kama mtu anayetafuta bei kwenye bidhaa. Akakubali kwa sharti nifungue na kile cha harusi, maana ndicho watu wanachokijua. Nimekubali. Kwa upande wa mikono alikuwa na haki, lakini sikumwambia. Tangu nianze kazi hii sijawahi kusimama jukwaani bila kushika kitu.

Ijumaa, 29 Mei

Kesho. Mama amepiga pasi gauni la bluu. Hakimu ameogeshwa, amenuna. Mimi ni mzima kabisa, nimekunywa maji glasi nyingi mno.

Jumapili, 31 Mei

Nianze mlangoni. Meneja alimzuia Mama, maana alikuwa na Hakimu kwenye kamba.

"Mama, mbwa haingii."

"Mimi sisikii," Mama akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Huyu ni mwenzangu. Tunaingia wote."

Meneja akalainika. "Ah, samahani. Kumbe anakusaidia kusikia?"

"Hapana. Na yeye hasikii."

Nilikuwa nyuma ya pazia nimeng'ata ngumi. Mpaka Meneja anapata jibu, wameshakaa mstari wa mbele, Hakimu kwenye kiti chake mwenyewe.

Nikapanda. Watu walijaa, viti vya ziada vilijaa. Nikafungua na harusi, watu wakacheka kama walivyotarajia kucheka, na Hakimu akageuza mgongo. Nikacheka mwenyewe, nikawaambia watu yule ni nani na kwa nini amegeuka, wakacheka kweli. Kuanzia hapo nilikuwa nyumbani. Mikono ilipata kazi yake. Nilipita kwenye teksi, kwa jirani na ukuta wake, kwa Mama na visu vyangu. Kila nikitazama chini namwona Mama, macho juu ya mdomo wangu, anafika mwisho sambamba na mimi.

Nikaanza cha fundi bomba. Fundi ndiyo kwanza ameingia mlangoni, mvua ikashuka.

Si manyunyu. Mvua yote iliyokuwa imebaki msimu huu ilikuwa imehifadhiwa kwa ajili ya bati la ukumbi ule. Niliona fundi mitambo anazungusha vifundo, anaangalia juu, anakunja mikono. Sikujisikia mwenyewe. Watu wanaanza kuulizana, wanaweka viganja masikioni, nyuma kuna wanaoinuka. Meneja pembeni ananionyesha ishara ya kukata shingo: shuka.

Niliogopa. Lazima niandike kwamba niliogopa, maana nilishaona harusi zote za maisha yangu zimepanga foleni zinanisubiri.

Kisha nikamtazama Mama. Hakuwa ameinua kichwa kuangalia bati. Hakujua hata kama kuna mvua. Alikuwa anasubiri fundi aingie chini ya sinki.

Basi fundi akaingia chini ya sinki. Nikainama, nikatikisa kichwa, nikasonya, nikauliza swali lake lile kwa uchungu wote wa mafundi wa duniani, na sauti haikutoka mbali zaidi ya pua yangu. Nikasimama nikawa mwenye nyumba. Nikamwangalia. Nikamwangalia sana. Nikafungua mdomo.

Mama akacheka. Ukumbi mzima ulikuwa kiziwi na mwanamke mmoja anacheka, anapiga paja, anamtikisa mbwa. Wa mstari wa pili wakamwinamia: nini, amesema nini? Na Mama akageuka, huyu ambaye kwa aibu aliwahi kuondoka katikati, akawapigia kelele usoni: "Fundi anauliza nani kafunga vibaya! Ni yeye mwenyewe!" Mstari wa pili ukaanguka. Ukageukia wa tatu. Nikaona kicheko kinatembea kutoka kiti hadi kiti mpaka kikagonga mlango wa nyuma, na waliokuwa wameinuka wakakaa.

Tukaendelea hivyo mpaka mvua ilipokatika. Mimi nasema kwa uso, Mama anapokea, anageuka, anawarushia, vinakwenda vikirekebishwa njiani. Nina hakika mstari wa mwisho ulicheka vitu ambavyo sijawahi kuviandika. Bati liliponyamaza ghafla, watu walikuwa wamesimama. Hakimu alikuwa amesimama pia, juu ya kiti, anatikisa mkia upande wangu, kisha upande wa Mama.

Meneja amesema kila mwezi. Ameuliza kama Mama naye atakuwepo.

Jumamosi, 6 Juni

Jua. Paa la Mama limekamilika na teksi imesimama kule njia kuu, kwenye uchochoro wetu matope hayajakauka. Amevaa kile kifaa. Amesema atakivumilia mpaka filimbi imshinde. Redio ameniachia. "Hakimu hahitaji masikio kuisikia," akasema, "na kwangu nitakuwa na bati jipya la kusikiliza."

Alimpigia Hakimu kisigino, Hakimu akageuka, akaona kiganja kifuani, akakaa. Hakukubali nimbebee sanduku. Nikabaki mlangoni na mbwa, namwona anakwenda, na kulikuwa na neno ambalo nilikuwa sijamwambia tangu amekuja, pengine tangu nimalize shule. Nikafungua mdomo kuita. Nikaufunga. Nikasubiri.

Alipofika kwenye nguzo ya umeme akageuka, kama kawaida yake, kuangalia kama kuna kitu kinakuja nyuma.

Nikalisema bila sauti, midomo tu, polepole, mwanga ukinipiga usoni.

Akaweka sanduku chini. "Na mimi pia!" akajibu, mtaa mzima ukasikia, jirani akafungua dirisha. "Mpe mbwa maji!"